Maneno Kumi ya Mtani

Mwezi uliopita mjukuu wangu alikuja na simu yake akanisogezea karibu na pua. "Babu, msikie huyu."

Ndani ya simu alikuwamo mfugaji mmoja, amesimama sokoni Msowero na fimbo yake begani, anacheka, anasema, "Mwaka huu ng'ombe wangu watakula mpaka mboga zilizomo kwenye vyungu vyenu." Basi, pakakatika hapo. Chini yake watu walikuwa wameandika matusi ambayo sijayasikia hata kwenye vilabu vya pombe. Mmoja alitaka yule bwana afukuzwe, mwingine alitaka kabila lake lote lifukuzwe, na wa tatu, sijui yuko mji gani huko, alikuwa anauliza bei ya petroli.

"Kabla ya hapo alisema nini?" nikauliza.

"Haipo, Babu. Kilichorushwa ni hicho tu."

"Na aliyekuwa anaongea naye ni nani?"

"Haonekani."

"Sasa mbona anacheka?"

Mjukuu akanitazama kwa huruma, kama ninayeuliza nauli ya mwaka wa Uhuru. Nikamwambia asimtumie mtu yeyote. Akasema ameshawatumia wenzake wote. Nikamfokea sana, mpaka mke wangu akatoka jikoni kuja kuuliza kuna nini, na mimi nikashindwa kumwambia kuna nini. Mtoto wa watu alikuwa amefanya katika dakika moja jambo lile lile nililolifanya mimi kwa kalamu ya wino na stempu ya posta, nikiwa mtu mzima mwenye cheti cha ualimu. Nilipata nafasi ya kulifikiri siku tatu nzima kabla ya kulituma, na sikufikiri.

Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Chanzuru. Asubuhi nilifundisha watoto, alasiri nilifundisha wazazi wao kusoma na kuandika. Tena nilikuwa mwandishi wa habari. Msinicheke. Gazeti moja lilikuwa linatafuta watu wa vijijini wa kulipelekea habari bila malipo, nikajitokeza, wakaniletea kadi yenye picha yangu na mhuri. Kadi ile niliiweka mfuko wa mbele wa shati, nikahakikisha inachungulia kidogo. Niliandika juu ya shamba la kijiji, juu ya Mto Mkondoa ulipofurika, juu ya simba aliyepotea njia kutoka mbuga ya Mikumi akaonekana karibu na reli. Wakichapa, walichapa mistari minne au mitano, chini yake maneno "Na mwandishi wetu, Kilosa". Jina langu halikuandikwa popote, lakini kijiji kizima kilijua ni mimi kwa sababu nilikuwa nawaambia.

Kandokando ya barabara ya kwenda mjini palikuwa na duka la Mhindi mmoja. Nitamwita Mtani, maana ndivyo tulivyomwita sisi sote. Baba yake aliletwa na kazi ya reli, akabaki, akafungua duka. Yeye mwenyewe alizaliwa nyuma ya duka lile, mkunga wake akiwa bibi mmoja wa kijijini kwetu, na Kisagara, lugha yetu, alikijua kuliko mimi, kwa kuwa kwangu kilikatwa ulimini na viboko vya shule ya misheni.

Utani wake na sisi ulikuwa na asili. Sisi tulikuwa na watani wetu wa tangu zamani, Wanyamwezi, waliokuja na mizigo mabegani kutoka mbali, wakagombana nasi, wakatuoa, wakazikana nasi. Sasa wazee wakasema, huyu naye baba yake kaja na mizigo kutoka mbali, kagombana nasi kuhusu chumvi, kabaki. Ana tofauti gani? Siku moja bibi yangu mzaa mama alimtukana dukani kwa sababu ya kibaba cha chumvi, naye akamjibu kwa Kisagara tusi tamu kuliko lake. Watu walianguka chini kwa kucheka. Tangu hapo akawa mtani, akakaa katika kiti cha mtani na kazi zote za mtani.

Kwa msiojua: mtani hakasirikiwi. Anaweza kukuita mchawi mbele ya mkwe wako, anaweza kuchukua kuku wako, ukinuna umejiaibisha mwenyewe. Msibani ndipo kazi yake inapokuwa kubwa. Wafiwa wanalia, yeye anaingia amevaa koti la marehemu kinyume, anaiga alivyokuwa akitembea. Kaburi likishachimbwa anaruka ndani, anakataa kutoka, anamsema marehemu vibaya mpaka apewe kuku au kitambaa. Watu wanacheka huku machozi yanawatoka, na mtu aliyekuwa anataka kujitupa kaburini anapata nguvu ya kusimama. Bila mtani, maziko yetu yalikuwa kama chakula kisicho na chumvi.

Na mtani haamkiwi. Nikiwa mdogo sana mama alinituma dukani, nikafika, nikasema "Shikamoo" kama nilivyofundishwa kumwambia kila mtu mzima. Mtani akaacha kupima maharage akaniuliza kama nina homa. Niliporudi nyumbani mama alikuwa ameshasikia, akanipa kofi jepesi la kisogoni. "Mtani haambiwi shikamoo! Mtani anatukanwa. Unataka aone tumemfukuza?" Tangu siku hiyo nikifika dukani salamu yangu ilikuwa, "We Mhindi mwizi wa chumvi, bado hujafa?" Naye alijibu, "Nangoja nikuzike wewe kwanza, kichwa kama dafu." Yeye alikuwa wa umri wa baba yangu.

Nisije nikamfanya malaika. Nyuma ya kaunta yake palikuwa na msumari ukutani, na kwenye msumari ule kilining'inia kikombe cha bati chenye ua jekundu lililobanduka. Hicho kilikuwa kikombe chetu. Ukifika, ukakaribishwa chai, ulipewa hicho, na ukimaliza kilisuuzwa peke yake na kurudi msumarini. Vikombe vyao vya udongo vilikuwa ndani kabatini, sikuwahi kuvigusa. Sikumsikia mtu yeyote akiulizia habari ya binti zake, hata kwa utani. Kuna mahali utani wetu ulikuwa unafika unageuka. Kikombe kile kiliniuma. Nilikuwa nafundisha watoto kwamba ubaguzi ni ugonjwa wa makaburu huko kusini, kisha jioni napita dukani na kunywa chai kwenye ugonjwa wenyewe, nasema ahsante. Nimejiuliza mara nyingi kama kikombe kile hakikunishika mkono nilipokuwa naandika. Sijui. Ningependa kusema hapana.

Basi baba yangu mkubwa akafa. Huyu mzee aliwapenda watu wote, lakini alipenda sukari zaidi. Na mwaka ule sukari ilikuwa imeadimika. Miwa ililimwa upande wa pili wa Mikumi, karibu kabisa na sisi, na bado tulikunywa chai kwa chumvi, wengine kwa kulamba kipande cha muwa pembeni. Baba mkubwa alikufa analalamikia chai.

Asubuhi ya maziko Mtani alikuja na baiskeli, nyuma amefunga mfuko. Ndani ya mfuko mlikuwa na sukari, kilo kadhaa, akaukabidhi kwa shangazi yangu jikoni bila neno. Waombolezaji wote waliokuja siku ile walikunywa chai yenye sukari, na wengi walikuwa hawajaionja kwa wiki kadhaa. Kisha akaenda makaburini, akaruka ndani ya kaburi na viatu vyake vya ngozi, akaketi kwenye udongo, akakunja miguu.

"Sitoki!" akapiga kelele. "Mzee huyu amemaliza duka langu kwa chai. Kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu, mpaka kijiko kinasimama chenyewe! Mnafikiri kwa nini hamna sukari? Huyu hapa ameinywa!"

Watu wakaanza kucheka. Shangazi, aliyekuwa dada wa marehemu na alikuwa hajanyanyua uso tangu jana yake, akamjibu, "Toka humo, mchoyo we! Sukari umeificha wewe!"

Mtani akasimama ndani ya kaburi, mikono kiunoni, akasema yale maneno kumi. "Sukari ninayo, nimeificha, na sitawapa mpaka mfe wote kama huyu!"

Kicheko kilichotoka hapo sijawahi kukisikia tena. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini, midomo yake bado ina utamu wa chai ya sukari ile ile aliyoambiwa imefichwa. Akampa kuku, Mtani akatoka, tukazika.

Mimi niliona ni habari nzuri. Tena niliona ni habari ya maana kwa taifa: kwamba sisi huku hatukuhitaji hotuba ili kuishi na mtu wa rangi nyingine, kwamba utani wetu ulikuwa umeshafanya kazi hiyo tangu enzi za bibi zetu. Nikajaza kurasa tatu na nusu za daftari. Nikaeleza mfuko wa sukari, baiskeli, viatu vya ngozi, kuku. Nikayanukuu yale maneno kumi kwa usahihi, maana kwenye karatasi ya maelekezo waliyotuletea waandishi wa vijijini iliandikwa kwamba maneno ya mtu yasibadilishwe. Nikanunua stempu, nikapeleka posta Kilosa, nikarudi nikiimba.

Gazeti liliponifikia lilikuwa tayari mikononi mwa wanafunzi wangu wa alasiri. Dereva wa trekta la kijiji alilileta kutoka stesheni, akaliacha darasani. Nilikuwa nimezoea kuwapa wale wazee magazeti ya zamani wajifunzie kusoma, wakaona hili nalo ni la somo. Nilipoingia, shangazi yangu alikuwa amesimama mbele ya wenzake, kidole kinatambaa kwenye kichwa cha habari. Alikuwa na miezi minane tu tangu ajue herufi. Kwa mara ya kwanza alikuwa anasoma kitu ambacho sikumwandikia mimi ubaoni.

"Mhi-ndi... Ki-lo-sa... a-ki-ri... ku-fi-cha... su-ka-ri."

Chini yake kwa herufi ndogo zaidi: "Awatakia wananchi kifo." Kisha mistari kumi na miwili. Mfuko haukuwamo, wala kaburi, wala neno utani. Walisema tu kwamba mfanyabiashara mmoja wa Kihindi, "akizungumza mbele ya umati wa wananchi", alitamka yafuatayo, kisha yakafuata maneno kumi, yote, hata herufi moja haikubadilishwa. Na mwandishi wetu, Kilosa.

Shangazi alimaliza mpaka mwisho. Ilimchukua muda mrefu na hakuna aliyemsaidia. Kisha akanigeukia.

"Mwalimu," akasema. Darasani hakuniita mwanangu. "Hili gazeti linasema uongo?"

"Maneno ni yake, Shangazi. Lakini wamekata..."

"Alisema?"

"Alisema."

"Basi gazeti linaweza kusema kweli, na bado likawa linadanganya?"

Akaliweka gazeti juu ya dawati, akakaa, akafunga daftari lake. Somo la siku ile lilikuwa kuandika barua.

Sikumfahamu mhariri yule, na kwa miaka mingi nilimwombea mabaya. Sasa nimezeeka, nadhani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye nafasi ya mistari kumi na miwili na mlundo wa barua za vijijini mezani. Akasoma kurasa zangu haraka, jicho likaruka utani, likaruka kaburi, likatua kwenye maneno aliyokuwa ameshayatarajia kabla hajafungua bahasha. Mhindi, duka, sukari, kuficha. Hadithi hiyo alikuwa nayo kichwani tayari, alikuwa anangoja mtu amletee jina la mahali. Nami nikamletea Kilosa. Kwa maoni yangu habari nyingi mbaya huandikwa hivyo, na mtu anayeziandika hulala usingizi mzuri.

Wiki haikuisha kabla ofisa mmoja kijana hajaletwa kufanya mkutano. Watu walikusanyika uwanja wa shule. Mtani alikaa kwenye benchi la darasa la kwanza, magoti yamemfika kifuani, kwa kuwa ofisa alikataa aletewe kiti. Kabla ya mkutano walikuwa wamekagua duka, wakakuta sukari kidogo chini ya gunia, ile ya kutumia nyumbani kwake. Kidogo kile kilimwagwa juu ya meza ya mkutano, watu wote wakione.

Ofisa akasoma gazeti kwa sauti. Kisha akauliza, "Ndugu wananchi, maneno haya mliyasikia au hamkuyasikia?"

Watu wa kwetu hawajazoea kusema uongo mbele ya meza. Mzee mmoja akasema, "Tuliyasikia."

"Aliyasema au hakuyasema?"

"Aliyasema."

"Na wewe?" Akamgeukia Mtani. "Uliyasema?"

Mtani akamtazama kana kwamba haelewi kinachoulizwa. "Niliyasema," akajibu. "Nilikuwa kaburini."

Vijana wa nyuma wakacheka. Ofisa hakucheka.

Shangazi yangu akasimama. Alikuwa na kanga ya msiba bado. Akasema, "Ndugu kiongozi, huyu ni mtani wetu. Yale yalikuwa ya msiba. Sukari tulikunywa, aliileta mwenyewe kwa baiskeli."

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penyewe. Kijana yule hakuwa mgeni wa utani. Kwao nako wana watani, nchi hii nzima ina watani, naamini yeye mwenyewe alishavuliwa kofia msibani na mtani wake. Angeambiwa kwamba aliyesema ni Mnyamwezi, angecheka na kufunga faili. Badala yake alitabasamu, akasema, "Mama, Mhindi ana kabila gani hata awe na utani?"

Na watu wakacheka. Hicho ndicho ambacho siwezi kukisahau. Hawakucheka wale wa mbali tu. Walicheka waliokunywa ile chai. Ilikuwa kauli ya kuchekesha, ikasemwa vizuri, kicheko kikatoka kabla mtu hajajua kinakwenda wapi. Na mimi nilicheka. Kidogo, puani, lakini nilicheka. Pale pale, katika kicheko kimoja, mtu aliyekaa nasi tangu azaliwe akageuka kuwa mtu aliyekuja. Kumbe kiti tulichompa hatukuwa tumekipigilia misumari. Mtu wa nyuma akapaza sauti, "Arudi Bombay!" Mtani aligeuka kumtafuta aliyesema, na nadhani alimtambua, kwa kuwa aliinamisha kichwa.

Kisha ofisa akasema kwamba kijiji kina bahati ya kuwa na mwandishi mwenye macho. "Mwalimu yuko wapi? Hebu simama wakuone."

Nikasimama. Watu wakapiga makofi, baadhi yao. Nilifungua mdomo niseme kwamba niliandika kurasa tatu na nusu, kwamba kulikuwa na mfuko, kwamba ni kosa langu. Kadi ilikuwa inachungulia mfukoni. Nikamtazama Mtani, naye alikuwa ananitazama, anangoja, na nilijua anachongoja: nimtukane. Neno moja tu, mwizi wa chumvi, mbele ya wote, angalau mmoja athibitishe kwamba utani upo. Niliogopea kazi yangu, niliogopa kuitwa kibaraka, na chini kabisa palikuwa na kile kikombe cha bati. Nikakaa.

Leseni ilichukuliwa mwezi huo huo. Duka likapewa kijiji, likafunguliwa kwa ngoma, na baada ya muda mfupi rafu zake zilikuwa na viberiti na dawa ya viatu. Sukari haikurudi. Mtani na mke wake walipakia vitu vyao kwenye lori lililokuwa linakwenda Mikumi kwa binamu yake, kwa njia ya kupitia kijiji kinachoitwa Ulaya. Nadhani hiyo ndiyo Ulaya pekee aliyowahi kuiona. Mama yangu alikwenda kumuaga. Mimi nilikuwa nasahihisha madaftari.

Niliandika barua gazetini. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili niliituma kwa rejista, nikaeleza utani ni nini, nikaambatanisha nakala ya kurasa zangu. Ikajibiwa kwa taipureta, mistari mitatu: habari hiyo imekwisha kupitwa na wakati, maneno yaliyochapwa ni yale niliyonukuu mwenyewe, tunasubiri kutoka kwako habari za mavuno ya mahindi. Ya tatu niliipeleka kwa mkono wa mtu, na sijui iliishia wapi. Nilikwenda hata kwa yule ofisa, akanisikiliza vizuri sana, akaniambia, "Mwalimu, hata kama ilikuwa utani, sasa imeshakuwa habari." Nilitoka pale nikiwa sina pengine pa kwenda. Mtu akikupiga ngumi unamjua. Hapa kila mlango niliogonga alifungua mtu mpole akanionesha kwamba yeye hakufanya kitu.

Mwaka uliofuata nikajikaza nikaenda Mikumi. Nilimkuta kwenye duka la vipuri la binamu yake, pembeni ya barabara kuu, anafuta mafuta kwenye vyuma kwa kitambaa. Alikuwa amekonda. Sikuthubutu kumtukana, na kumsalimu vinginevyo sikujua, nikasema tu, "Nimekuja."

"Karibu, Mwalimu," akasema.

Hakuwa amewahi kuniita mwalimu. Mimi kwake nilikuwa kichwa kama dafu.

Nikamweleza yote, na kurasa nilikuwa nazo. Akazisoma polepole, zote, mpaka pale pa kuku. Kisha akazikunja vizuri akanirudishia.

"Umeandika vizuri," akasema. "Hivi ndivyo ilivyokuwa." Akafuta chuma kingine. "Hawakuzichapa?"

"Nimewaandikia mara tatu."

"Basi."

Mke wake akaleta chai. Akaiweka mbele yangu kwenye kikombe cha udongo, cheupe, chenye kisahani na mstari wa dhahabu ukingoni. Kile cha kabatini. Miaka yote nilikuwa nimekitaka kikombe hicho, na sasa kilikuwa mkononi mwangu, na ningetoa chochote nirudishiwe cha bati. Chai ilikuwa na sukari. Niliinywa yote ili nisiwaudhi.

Mama yangu alifariki miaka minne baadaye, masika yakiwa yanaishia. Nilimpelekea Mtani habari kwa mkono wa dereva wa lori, bila matumaini. Lakini alikuja. Alishuka barabarani na shati jeupe lililofungwa vifungo vyote mpaka shingoni, mvi kichwa kizima, akapita mbele ya lililokuwa duka lake bila kuligeukia, akaja kusimama nyuma ya watu.

Kaburi lilikuwa tayari. Wachimbaji wakaegemea majembe yao, wakangoja kama ilivyo desturi. Watani wetu wengine siku ile hawakuwepo, na kila mtu akajikuta anamtazama yeye. Shangazi, mzee sasa, alikuwa ameshamshika kuku miguuni, amemficha ndani ya kanga. Kaburi likabaki tupu. Hakuna aliyeruka.

Nikaona, nisiposema leo sitasema tena. Nikapaza sauti juu ya vichwa vya watu wote, "We Mhindi mwizi wa chumvi! Umekuja kumla mama yangu?"

Vijana wakageuka kwa mshangao. Walidhani uchungu umenipanda kichwani. Mtani akapita katikati ya watu mpaka nilipo. Nilisubiri. Akauchukua mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, Mwalimu," akasema, kwa Kiswahili safi cha ofisini. "Mama alikuwa mtu mwema. Mungu amlaze mahali pema."

Basi tukamzika mama. Hakuna aliyetuzuia, hakuna aliyelivaa gauni lake kinyume, hakuna aliyemsema. Ilikwenda haraka na kwa heshima. Shangazi alirudi nyumbani na kuku wake bado yuko kwenye kanga.

Nilimsindikiza Mtani hadi barabarani. Lori lilikuja, akaweka mguu mmoja juu ya ngazi, akanigeukia kuniaga. Tusi lilikuwa limeshakataliwa. Alikuwa mzee, umri wa baba yangu, amesafiri kutwa kuja kumzika mama yangu.

"Shikamoo," nikasema.

Nilingoja anicheke. Nilingoja aniulize kama nina homa. Kofi la mama lilikuwa kisogoni mwangu pale pale, na mama mwenyewe ndio kwanza tumetoka kumfukia.

"Marahaba," akasema, akapanda.